Siku Atakayosema Ndiye

Baba yangu aliponunua redio, alinunua na koti la kuisikilizia. Sidanganyi. Tulikuwa tumehamia juu huku Kabazi, kwenye shamba lililokuwa la mzungu na sasa limekatwa vipande, na nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja tu cha maana. Redio ikawekwa humo, juu ya meza yenye kitambaa. Saa ya habari ikikaribia, baba anavaa koti, anafunga vifungo mpaka cha juu, anakaa wima. Mama akisikia sauti ya mwanamume anavuta gauni lifunike magoti. Sisi watoto tulikatazwa kula mbele ya redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, baba anajibu nzuri, na akichelewa kujibu mama anamgusa kiwiko. Siku moja shangazi alikuja na mafua, akapiga chafya katikati ya habari, akamwomba msamaha yule mtangazaji.

Nilimcheka baba sana nilipokuwa mkubwa, wakati redio zimekuwa vitu vya kuning'inizwa zizini ng'ombe wakikamuliwa. Siku hizi simcheki. Mtu anayevaa vizuri mbele ya kitu asichokielewa ametanguliza heshima, na mengine yatafuata au yasifuate. Na nikifika hapo kwenye mawazo, na nafika hapo mara nyingi kwa sababu kazi yangu kubwa sasa ni kukaa, namkumbuka Mpiga Picha, ambaye alikuwa akiingia kwenye korongo langu na suti na tai, kwenda kumtafuta ndege mwepesi kuliko andazi.

Jina alikuwa nalo kama kila mtu, lakini hakuna aliyelitumia, hata karani wa kanisa. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Watu husema mambo hayo wakitafuta pa kuanzia, nami nimeshaanza na redio.

Studio yake ilikuwa pale senta, katikati ya kinyozi na duka la dawa za mifugo, kwa hivyo picha za watu wa Kabazi za wakati ule zote zina sura ya mtu anayenusa dawa ya kupe. Alikuwa mkali. Ukiingia studio unaacha utu wako mlangoni pamoja na mwavuli. "Kidevu juu. Hapana, hicho ni kichwa, nimesema kidevu. Mabega chini. Usicheke. Usipumue." Mtu akimuuliza asipumue mpaka lini, anajibu, "Mpaka nikwambie." Mimi mwenyewe nina picha ya kitambulisho ambayo macho yamenitoka kama ya chura, na si kwa sababu ya umri.

Kwenye mazishi ndiko alikuwa mfalme. Mchungaji anaomba, sawa, lakini mkubwa ni yeye. "Wajukuu! Wajukuu peke yao mbele ya jeneza! Wewe mathe wa kitambaa chekundu, wewe ni mjukuu?"

"Mimi ni mjane."

"Basi ngoja zamu yako, mama. Wajane wanakuja baada ya kwaya."

Na mjane akangoja. Hakuna aliyemkasirikia kwa muda mrefu. Tulijua kwamba picha itakuwa kali, kila sikio litaonekana, na aliyekuwepo ataonekana alikuwepo. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha wa mazishi yake mwenyewe, yeye akabaki na picha za pasipoti na watoto wa nasari waliovaa majoho ya kukodisha. Binti yake anayekaa Rhonda kule Nakuru akamtafutia kamera ya mtumba, kubwa, yenye lenzi ndefu kama mtungi wa maziwa. Nadhani alitaka baba yake apate kitu cha kufanya mbali na watu. Kama ni hivyo, alifaulu.

Ndege yule alimwona mara ya kwanza akijisaidia. Yeye, si ndege. Alikuwa amekuja kwangu kumpiga picha mtamba niliyetaka kumuuza, akanipa kamera nimshikie, akateremka korongoni kidogo. Alipopanda alikuwa bado hajafunga zipu na hakuwa na habari kwamba hajaifunga. Akasimama mbele yangu akionyesha koo lake kwa kidole. Nikafikiri amekabwa na kitu, nikampiga mgongoni.

Baadaye, alipoweza kusema, aliniambia amemwona ndege chini kabisa ya kichaka, mahali pa giza, kifua cha njano kama kiini cha yai la kienyeji, kichwa cha rangi ya wingu la mvua, na doa jeupe karibu na kila jicho. Hayo si kitu. Yule ndege alimkasirikia, na alipokasirika akafungua manyoya ya koo, na pale kooni likatokea doa la tatu, jeupe, likawaka kama nyota, kisha likafunikwa tena. "Anaificha, wakini," akaniambia. Alikuwa akiniita wakini kwa sababu tulikuwa rika moja. "Anayo wakati wote, na anaificha."

Kuanzia siku hiyo mtamba wangu hakupigwa picha.

Sasa niwaeleze kuhusu korongo. Lina miti ya kienyeji, mitamaiyo mikubwa na mingine ambayo hata baba hakuijua majina, na kijito cha kunyweshea ng'ombe. Ndicho kipande pekee cha namna hiyo kilichobaki upande wetu. Kwingine kote ni mahindi, viazi na miti ya kigeni ya blugamu. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi kwenye mashamba ya maua, amepanga chumba Karagita, na kila akija likizo huja na mpango. Kulikuwa na mwaka wa sungura na mwaka wa nyuki. Mwaka huo ulikuwa wa avokado. Korongo lisafishwe lote, zipandwe avokado za kupelekwa ng'ambo. Alikuja na jamaa wa msumeno wa petroli. Tulikuwa nje tunakunywa chai, msumeno umelazwa kwenye nyasi, Mpiga Picha akatokea na tai yake.

"Wakini, mnakata lini?"

"Tukimaliza chai."

"Lakini sijampata."

Mwanangu akacheka. "Mzee, si ndege ataenda tu kwa miti ingine?"

"Ipi?" Mpiga Picha akauliza, akageuka akitazama mahindi upande huu na viazi upande ule, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayetafuta kiti. Hakuna aliyemwonyesha. Ndipo akanigeukia mimi. "Nipe mpaka picha yake ipatikane. Ni mimi ninayemjua. Siku nitakayosema ndiye huyu, lete msumeno. Hata kamba ya kuvutia miti nitashika mimi."

Nikasema sawa. Nilisema mbele ya mwanangu, mbele ya jamaa wa msumeno, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima koleo, na kwetu neno lililosemwa mbele ya watu chai ikiwa bado moto halirudishwi hivi hivi. Nilidhani ni jambo la wiki moja. Na niseme ukweli, avokado sikuzitaka. Nilipenda kukaa juu ya lile korongo asubuhi na kusikiliza kelele zake. Lakini huwezi kumwambia mwanao kwamba unakataa utajiri kwa sababu ya kelele. Kwa hivyo mtu mwingine alipojitolea kulaumiwa, nilimwongezea chai.

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa msimu, na misimu ikafuatana.

Nilimuuliza kuhusu suti. Nilimwambia watu wanaopiga picha za ndege nimewaona kule ziwani Nakuru wakiwa kwenye magari yao, wamevaa nguo za rangi ya majani makavu. Akaniambia, "Hao wanawinda. Mimi napiga picha. Siwezi kwenda kwa mtu kama mwizi wa kuni." Suti ilikuwa ya kahawia, hiyo tungeisamehe, lakini tai ilikuwa nyekundu ya kuonekana kutoka Subukia. Viatu alivipiga rangi kabla ya kuteremka kwenye matope. Kisha anakaa juu ya kigoda chake cha kukunja, anatazama kichaka, na anaanza kazi kwa njia aliyoijua. "Sogea kidogo. Kushoto. Kushoto kwako. Kidevu juu." Nilimsikia kwa masikio yangu. Mtu aliyemfukuza mtoto studio kwa kupepesa macho alikaa pale asubuhi nzima akimbembeleza ndege asiyeonekana, kwa sauti ambayo mke wake, Mungu amlaze pema, sidhani aliwahi kuisikia.

Kisha akaleta pazia. Mnalijua pazia la studio, lile la kusimama mbele yake. Lake lilikuwa na ngazi ya hoteli iliyopanda kwenda pasipojulikana, na simu juu ya meza ndogo. Aliona si heshima ndege apigwe picha na matawi yaliyovurugika nyuma yake, kama mtu aliyeshtukiwa jikoni. Akalifunga kwenye mitamaiyo miwili, nyuma ya kichaka. Wanawake waliokwenda kuteka maji wakaliona asubuhi, wakakimbia, wakarudi na habari kwamba kuna mtu amejenga hoteli korongoni. Jumapili ikafika. Vijana wakateremka na nguo zao nzuri kupigana picha kwa simu mbele ya ngazi. Bibi harusi mmoja aliletwa, shela likabebwa juu ya matope na wasimamizi. Mpiga Picha alisimama kando na kamera yake ya mtungi, amekasirika, na hakuna hata mmoja aliyemuomba ampige. Lakini alipoona bwana harusi amesimama vibaya alishindwa kujizuia. "Mabega!" akapiga kelele. Bwana harusi akashusha mabega.

Kuhusu kelele hizo. Alikuwa hasikii vizuri sikio moja, na ndege yule hujulikana kwa sauti kabla hajaonekana. Kwa hivyo ndege akilia kushoto, yeye anageuza lenzi kulia, kwa uangalifu mkubwa, na anangoja. Zaidi ya hayo alikuwa na sheria ya ukimya. Mimi nilikatazwa kukohoa kwenye korongo langu mwenyewe. Lakini simu yake ikilia aliipokea, na kwa sababu ya lile sikio aliipokea kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. "HALO! SIWEZI KUONGEA! NIKO KWA NDEGE! HAPA TUMENYAMAZA!" Kisha anarudisha simu mfukoni na kunitazama mimi, kwa kunilaumu.

Picha alizipata, msifikiri hakuzipata. Alizisafisha kubwa, akazitundika studio mahali palipokuwa maharusi. Zilikuwa safi ajabu. Unaona kuvu juu ya gome, unaona utando wa buibui na umande wake. Kilichokosekana ni ndege. Nilikuwepo siku moja msichana alipoingia kupigwa ya pasipoti.

"Sasa boss, hii ni picha ya nini?"

"Ya ndege."

"Mbona simwoni?"

"Ameondoka."

"Saa ngapi?"

"Nilipobonyeza."

Yule msichana akaitazama tena, kwa muda, akainamisha kichwa upande huu na ule. "Na hiyo ingine?"

"Hiyo pia ameondoka. Lakini angalia tawi. Bado linatikisika."

Na kweli, ukitazama vizuri, ncha ya tawi ilikuwa na ukungu wa kutikisika. Mchungaji wetu mpya aliomba moja akaitundika kanisani, akahubiri juu yake kwamba tusisubiri mpaka tawi liwe tupu ndipo tuokoke. Mpiga Picha alikuwa kiti cha mbele. Tulipotoka nje aliniambia mchungaji ameitundika kichwa chini.

Ukaidi wake mwingine ulimharibia kazi, nao sina budi kuusema. Kule mjini sasa picha zinatengenezwa kwa kompyuta. Ukitaka ngozi nyororo unawekewa, ukitaka kupungua tumbo unapunguzwa. Mama mmoja wa hapa, ambaye mumewe alifariki kabla ya harusi ya binti yao, alimuomba amuweke marehemu kwenye picha ya familia, hapo pembeni tu, na koti lake. Mama analia, binti analia. Mpiga Picha naye machozi yakamtoka, nilimwona. Lakini akasema, "Hakuwepo, mama." Wakaenda Nakuru, wakawekewa marehemu, akawa anang'aa kuliko bwana harusi. Watu walipomcheka alisema picha ikidanganya mara moja, zote alizopiga maishani zimedanganya. Baada ya hapo hata watoto wa nasari walipungua.

Basi ndiyo hivyo. Mimi na yeye tulizoeana. Asubuhi anateremka, jua likipanda anapanda nalo, tunakunywa chai, namuuliza, "Ndiye?" ananijibu, "Bado." Mwanangu akipiga simu kutoka Karagita ananiuliza, "Huyo mzee amempata?" namjibu, "Bado." Ilikuwa salamu, kama nyingine tu.

Krismasi moja mwanangu akaja bila kutangaza, na jamaa wa msumeno nyuma yake kwenye bodaboda, na simu mpya. Mpiga Picha alikuwa ameketi nami kwenye benchi, ametoka korongoni wakati huo huo, viatu vina matope mapya.

"Mzee," mwanangu akamwambia, hata hajakaa, "siku ile mlisema picha ipatikane. Hamkusema ipigwe na nani. Ama?"

"Hatukusema," Mpiga Picha akakubali.

"Poa. Dakika kidogo tu."

Akateremka. Sisi watatu tulibaki juu, jamaa wa msumeno akikwaruza matope kwenye kiatu. Kutoka chini tukasikia yule ndege akilia, kisha akalia tena vilevile kabisa, bila kubadilisha hata pumzi, na mimi nikaelewa kwamba ile ilikuwa sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu. Kisha akajibu wa kweli. Alijibu kwa fujo, kama mwenye nyumba aliyekuta mtu kitandani mwake.

Mwanangu alipanda akicheka, majani kwenye nywele. "Nimemnasa! Fathe, cheki! Alikuja mpaka kwa mguu!"

Akatuonyesha. Niseme nini? Ndege alikuwa amejaa kioo kizima. Kifua cha njano, kichwa cha wingu, madoa mawili ya machoni. Na koo limefunguka, manyoya yamesimama kwa hasira, na ile nyota katikati, nyeupe, hakuna unyoya uliokosekana. Jamaa wa msumeno akapiga mluzi. "Aisee, huyu amejipanga."

Mpiga Picha akaomba simu. Akafuta miwani kwa ncha ya tai, akaivaa, akatazama. Mwanangu, ambaye si mtu mbaya, akamfundisha kukuza kwa vidole viwili, naye akakuza. Akaliangalia jicho, kisha nyota, na akarudi kwenye nyota tena. Huko chini yule ndege bado alikuwa akigomba.

Akamrudishia simu.

"Siye," akasema.

"Siye vipi?"

"Anafanana naye. Lakini siye."

"Mzee! Nyota si hii hapa?"

"Naiona."

"Na kifua si njano?"

"Ni njano."

"Sasa?"

"Siye."

Mwanangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeiva. "Baba, wewe umekaa na hizi hadithi zake miaka yote. Hebu angalia vizuri, useme ukweli. Si ni huyu?"

Nikaishika ile simu. Hata kipofu angemtambua kwa kumpapasa. Niliitazama kwa muda wa kutosha ili ionekane nimetazama. Mpiga Picha alikuwa ameangalia mikono yake.

"Mwanangu," nikasema, "mimi niliishia darasa la tatu. Mambo ya ndege muulize huyu."

"Si amesema siye!"

"Basi umeshamuuliza."

Jamaa wa msumeno akacheka mpaka akashika mti. Mwanangu hakucheka. "Kwa hivyo tungoje?"

"Tungoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme ndiye."

Mpiga Picha akasimama. Akaitia kamera kwenye mkoba, akafunga zipu yake pole pole mpaka mwisho. "Asante kwa chai, wakini," akasema, na chai yake ilikuwa imejaa kikombe, haijaguswa. Kwa mwanangu akasema, "Picha yako ni nzuri. Lakini shika simu kwa mikono miwili." Hakunitazama usoni. Akaifuata njia ya juu inayotokea barabarani, koti likiwa na jani moja mgongoni, na nilitaka kumwita nimtolee lile jani nikaona niache.

Studio ikafungwa mwezi huo. Wengine wanasema yuko kwa binti yake Rhonda, wengine wanasema wamemwona Nakuru mjini bila tai, jambo ambalo siamini. Mwanangu huuliza kila likizo, nami humjibu kama kawaida kwamba bado, maana mwenye kusema ndiye hajaja kusema. Miti iko. Siku ile ya Krismasi nilimtazama Mpiga Picha akipita kwenye blugamu, mara anaonekana, mara haonekani, kisha ikabaki barabara tu, na hakurudi.